Kiti cha Mbele

Bweni la Tatu,
Kianjokoma, Embu.
4 Mei 2025

Kwako dada yangu Gatakaa,

Leo salamu zitasubiri, kwa sababu nikianza nazo nitapasuka. Nimeshinda! Ile insha niliyoandikia klabu ya wanyamapori muhula uliopita, "Ndovu ni Fahari Yetu", imekuwa ya kwanza kati ya shule zote za Embu na Meru zilizoshiriki. Mwalimu Gladwell, mlezi wa klabu, alinisimamisha mbele ya gwaride na wasichana wakanipigia makofi ya kilo. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia viatu vyangu.

Zawadi yenyewe si vitabu wala kikombe. Ni siku nzima katika Mbuga ya Meru, ndani ya Landikruza ya watalii yenye paa linalofunguka, gari letu peke yetu na dereva wetu peke yetu. Ni Jumamosi, tarehe ishirini na nne. Nafasi ni mbili: mshindi na mtu mmoja wa nyumbani kwao. Mwalimu Gladwell kwao ni Maua, kwa hiyo Ijumaa atanichukua nilale kwa mama yake. Jumamosi asubuhi dereva atamchukua mtu wa nyumbani huko Ruiri, amlete Maua, na jioni amrudishe.

Mtu huyo ni wewe. Sikufikiri mara mbili.

Dada, tangu ndovu amwangushe Baba katika mahindi na miguu yake ikafa, umekuwa ukivuka barabara ya lami kwenda kuchukua dawa na kurudi, basi. Barua ya chuo cha ualimu ilikukuta ukimpozea uji. Uliikunja, ukaiweka chini ya kitambaa cha meza, nami nikarudi shule kana kwamba hakuna kitu. Mama angekuwa hai angeamua vingine, lakini hayupo. Siwezi kukurudishia miaka miwili, ila siku moja naweza.

Kuna jambo moja linanisumbua. Katika insha niliandika kwamba ndovu ana mwendo wa kifalme na macho ya huruma. Mimi sijawahi kumwona ndovu. Nimeona nyayo zake shambani, na nimemwona Baba. Baba sikumtaja hata kwa neno moja. Labda ndiyo sababu nilishinda.

Vaa sweta ya kijani, mbugani asubuhi kuna upepo. Msalimie Baba na Mzee Njura.

Mdogo wako,
Karimi


Ruiri,
8 Mei 2025

Karimi,

Hongera. Nimemsomea Baba habari yako. Amesema, "Vizuri," kisha akauliza kama mbuzi wamefungwa. Wewe unamjua. Kwake hayo ni makofi ya kilo.

Lakini sitakuja, na unaniuliza kana kwamba huijui nyumba hii. Mzee Njura huja alfajiri. Humtoa Baba kitandani, humwosha, humvalisha, humweka kwenye kiti. Huja tena jua likianza kushuka. Katikati ya hapo mimi ndiye miguu yake: uji, dawa, mto, nzi, redio, funga mlango, fungua mlango. Kumwosha mimi siwezi, na sina haja ya kukueleza. Mtoto haoni uchi wa baba yake. Hiyo ndiyo nthoni, na Baba ataishika hadi kaburini. Mzee Njura anaruhusiwa kwa sababu walipashwa tohara msimu mmoja. Husema mtu wa rika lako hakuoni uchi, anajiona yeye mwenyewe. Ni maneno mazuri, lakini siku hizi Mzee Njura akiinama mgongo wake unalia kama mlango wa zizi.

Yule Kithinji wa zahanati alikuja tena mwezi uliopita. Kazi ya kuwahudumia wagonjwa wa namna hii ameisomea. Baba akamtupia bakora. "Rika la watoto wangu ndilo linishike?" Bakora ikampita Kithinji ikavunja kikombe. Akaokota vipande vyote, akasema, "Nitarudi, mzee." Baba akamwambia, "Ukirudi, rudi na kikombe."

Kuhusu wanyama, niwaone wa nini? Mmoja alitutosha.

Nenda na Mwalimu Gladwell. Soma kwa bidii.

Dada yako,
Gatakaa


Kianjokoma,
11 Mei 2025

Dada Gatakaa,

Barua yako nimeisoma nyuma ya bweni ili wenzangu wasinione uso. Mwalimu wa fasihi hutuambia tuandike jambo tunaloliogopa, kwa hiyo leo nitaliandika.

Sikubali kwamba hutaki kuwaona wanyama. Ulipokuwa kidato cha pili ulichora pundamilia ukutani kwa makaa, Mama akakufanya umfute, na milia haikutoka mpaka leo. Iko nyuma ya kabati. Hutaki kwa sababu umeshazoea kutotaka.

Nthoni naiheshimu, dada. Lakini naona kama Baba amejifungia ndani ya nthoni yake na kukufungia wewe humo humo, kama kuku wawili ndani ya tenga moja, na tenga lenyewe limefungwa kwa kamba kutoka ndani. Mzee Njura akishindwa siku moja, itakuwaje? Baba atakaa bila kuoshwa mpaka lini? Nawe utakaa umeshika beseni mlangoni hadi uwe na mvi? Kithinji yuko, ana mikono na moyo. Kinachokosekana ni neno moja la Baba, na halitoki.

Chuo cha ualimu kinapokea wanafunzi tena Julai. Nilimwomba Mwalimu Gladwell akaniulizia. Walisema barua yako bado ina nguvu mwaka huu, mwaka ujao hapana.

Njoo Jumamosi hiyo moja tu. Mwombe Mzee Njura ashinde naye. Wakae, wazungumze habari za ujana wao, wewe uone dunia haijaisha.

Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Karimi


Ruiri,
15 Mei 2025

Karimi,

Mambo kama yale usiyaandike tena. Barua zako humsomea Baba. Nikiruka mstari anajua, hunyanyua kidole na kusema, "Hapo umeruka." Ya kuku na tenga aliyasikia yote, na ya beseni pia, na ya mvi. Nilisoma hadi jina lako. Akaniambia nimgeuzie kiti aangalie ukutani.

Amekaa kimya tangu siku hiyo. Chakula anakula, lakini hata mbuzi hajawauliza.

Leo asubuhi ndipo aliponiita niandike. Maneno yake ni haya: Jumamosi mtu atakuja. Dereva asiache gari barabarani, alilete mpaka mlangoni.

Sijaruhusiwa kuongeza neno.

Gatakaa


Kianjokoma,
18 Mei 2025

Dada yangu, dada yangu!

Nimeisoma barua yako mara nyingi sana, mpaka msichana wa kitanda cha juu ameniuliza kama nimepata mchumba. Nimemwambia nimepata dada.

Najua umeandika kwa kukatwa maneno, lakini nimekuelewa. Gari litafika mlangoni! Hata barabarani hutatembea, utapanda kama bibi harusi. Dereva wetu anaitwa Abdishakur, Msomali wa Maua. Mwalimu amesema siku za kawaida hubeba mizigo, na Jumamosi hubeba watalii. Nimemwachia Mwalimu ujumbe kwamba usikae nyuma. Ukae kiti cha mbele, ndicho kinachoona mbali.

Baba, najua unasikia haya. Asante kwa kumwachilia. Sitalisahau.

Karimi


Maua,
25 Mei 2025

Dada Gatakaa,

Barua hii nimempa Abdishakur aiweke mikononi mwako. Isome shambani, mbali na dirisha. Usimsomee Baba. Utakapofika mwisho utajua kwa nini.

Kwanza niseme nilivyosimama jana asubuhi kwenye lango la mama yake Mwalimu Gladwell, na sare yangu imepigwa pasi. Gari likaja limejaa vumbi. Nikakimbilia kiti cha mbele huku nimefungua mikono. Ndani yake alikaa Baba. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na kofia, amefungwa mkanda kifuani, na mwingine wa kamba kiunoni ambao nadhani ni kazi ya Mzee Njura. Akaniangalia, akasema, "Panda. Unampotezea mtu mafuta."

Sikumsalimu vizuri. Nakiri. Mwalimu alifurahi, akasema maadamu niko na mzazi wangu yeye hahitajiki. Nikakaa nyuma, na njia yote hadi lango la mbuga, Murera, niliangalia kisogo cha Baba. Nilikuwa nikifikiri: hata hii ameichukua. Siku moja tu niliyokuwa nayo ya kukupa, ameikalia.

Niliona twiga, dada, na sikufurahi. Niliona pundamilia nikageuza uso. Abdishakur alijaribu kweli. "Mrembo wa insha, angalia kushoto, wale swara shingo zao ni ndefu, wanakula wima kama watu kwenye harusi." Mimi kimya, Baba kimya. Akasema, "Wallahi nimebeba magunia ya vitunguu yenye maneno kuliko nyinyi."

Saa sita gari lilitelemka karibu na mto, njia ya udongo mweusi. Juzi yake mvua ilinyesha. Gari liliteleza, likakwama, na kila lilipounguruma lilizama zaidi, mpaka mlango wangu ukawa unagusa matope. Abdishakur alishuka na jembe. Alikuwa hajachimba kitu aliporudi ndani haraka, akafunga paa na kusema polepole, "Hakuna kushuka. Tuna wageni."

Ndovu walikuwa wanatoka kwenye mitende ya mto. Walikuwa wengi, na watoto wao. Walipita karibu hata nikaona nywele za kope zao. Mmoja alisimama upande wa Baba, akakaa hapo, masikio yakipepea. Niliona shingo ya Baba tu, na jasho likishuka ndani ya kola ya koti la kanisani. Nilijua anakumbuka. Nilitaka kumshika bega, nikaogopa.

Baba alimwangalia yule ndovu muda mrefu. Kisha akasema, "Ona vile wamenona. Hayo ni mahindi yangu yanatembea."

Abdishakur alicheka mpaka akaziba mdomo kwa mkono. Nami nilicheka, dada. Na Baba naye, mabega yakawa yanatikisika.

Askari wa mbuga waliitwa kwa simu. Wakasema trekta iko, lakini iko mbali. Ndovu nao hawakuwa na haraka, walikula pale pale. Tukakaa. Jua likachoma bati la gari. Ndipo nikaona Baba ameanza kushika mkono wa kiti, anauachia, anaushika tena. Abdishakur akamuuliza kama anaumwa. Akasema hapana. Baada ya muda akamuuliza tena. Baba akasema, "Njura hayupo."

Nikaelewa, na nikatamani matope yanimeze. Kuanzia alfajiri alikuwa hajaenda haja. Hakuna aliyelifikiria jambo hilo, si yeye, si Mzee Njura, si wewe. Tulikuwa tumefungiwa ndani ya lile gari, baba na binti, na nje ni ndovu.

Abdishakur akasema, "Mzee wangu, mimi niko."

Baba akasema, "Wewe ni kijana. Ni rika la watoto wangu."

"Rika gani?"

"Wewe ulipashwa tohara mwaka gani, na kina nani?"

"Wallahi mzee, sikumbuki. Nilikuwa mdogo, hata meno ya mbele sikuwa nayo. Na nilikuwa peke yangu."

"Peke yako?" Baba alishtuka kweli. "Hata mwenzako mmoja?"

"Peke yangu na mama yangu akilia."

Baba akafikiri. Unajua anavyofikiri, akitafuna ulimi. "Basi wewe huna rika."

"Sina hata moja."

"Mtu asiye na rika si mwanangu. Wala si mwenzangu." Akamgeukia. "Sasa wewe ni nani?"

"Mimi ni dereva, mzee."

"Dereva," Baba akasema, kama mtu anayeonja chumvi. Kisha akaniita bila kugeuka. "Karimi. Hiyo insha yako unaikumbuka?"

"Ndiyo, Baba."

"Angalia nje upande ule. Isome kwa sauti. Usiache mpaka nikuambie."

Abdishakur akatoa nyuma ya kiti ile nguo ya Wasomali ya kujifunga kiunoni, akaitandaza kati yangu na wao, pembe moja akaibana kwenye paa. Akachukua kopo. Nami nikageukia dirisha langu nikasoma kwa sauti ya gwaride: "Ndovu ni mnyama mwenye mwendo wa kifalme na macho ya huruma." Niliifikisha mwisho nikaianza tena. Nikasikia Abdishakur, "Nimebeba ngamia mgonjwa kutoka Isiolo, nitashindwa na mzee wa Ruiri?" na Baba, "Mimi si ngamia," na Abdishakur, "Ni kweli. Ngamia hana maneno mengi." Ndovu mmoja aligeuka akanisikiliza. Sikuacha kusoma.

Nguo ilipotolewa Baba alikuwa amevaa kofia yake vizuri. Akasema, "Hiyo insha ni nzuri. Lakini huyo ndovu wa insha hajawahi kula mahindi."

Trekta ilikuja jua likiwa limeegemea upande wa milima ya Nyambene. Tulipokuwa tunaisubiri, Abdishakur amesinzia, Baba alinena nami. Nitaandika maneno yake jinsi alivyoyasema, bila kuyapamba.

Alisema, "Ulifikiri nimemnyang'anya dada yako gari."

Nilikunja pindo la sare yangu.

"Dada yako hataki gari. Angepanda, angekaa hapa siku nzima akihesabu saa za dawa zangu. Nilitaka akae ndani ya nyumba mara moja bila mimi. Haijatokea tangu nilipoanguka. Hii ndiyo njia niliyoiona ya kutoka. Mtu mwingine angetoka kwa miguu."

Hayo ndiyo maneno. Naomba nisamehe kwa asubuhi yote niliyoipoteza nikimchukia.

Mdogo wako,
Karimi


Ruiri,
29 Mei 2025

Karimi,

Nimeisomea kule chini kwenye mihindi michanga, mgongo nimeupa nyumba. Nilidhani najua Baba kwa sababu ndiye mtu pekee ninayemwona. Alirudi Jumamosi na matope kwenye kofia, akaomba chai, akasema wanyama ni wengi na barabara ni mbaya. Alipomaliza chai aliniuliza, "Ulishinda vipi?" Nikamwambia nimefua blanketi. Akaangalia kamba ya nguo. Haikuwa na blanketi. Akasema, "Vizuri."

Sasa nikuambie nilivyoshinda, kwa kuwa umeniambia yako.

Gari lilipoondoka nilifagia, ingawa palikuwa pasafi. Kisha nikasikia ule ukimya. Hakuna redio, hakuna bakora kugonga kiti. Nilimkasirikia Baba jinsi ulivyomkasirikia. Nilisema, haya, amekwenda kuangalia ndovu, mimi ameniachia majivu. Nikatoa barua ya chuo chini ya kitambaa, nikavaa sweta ya kijani, nikaenda kusimama barabarani. Sikuwa nakwenda mbugani. Nilikuwa nakwenda chuoni Embu, niwaonyeshe barua, niwaambie niko hai.

Magari yalisimama. Kondakta akaniita, "Madam, Meru, Embu, twende." Miguu yangu ni mizima, Karimi. Haikupanda. Gari lingine likaja, nalo likaenda. Mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama ninamngoja mtu. Nikamwambia ndiyo. Jua lilipokuwa juu nilirudi nyumbani.

Nikaketi kwenye kiti cha Baba. Sijui kwa nini. Hujawahi kuketi hapo, wala mimi sikuwa nimewahi. Ukiketi hapo huoni shamba, huoni mlima, huoni barabara. Unaona mlango tu, na mtu anayepita mlangoni. Anapita na beseni, anapita na kuni, anapita na sufuria. Miaka miwili Baba amekuwa akiangalia hilo tu. Nikainuka haraka kama nimekalia moto.

Niambie jambo moja. Yale maneno ya mwisho ni yake kweli? Au umeyatunga kwa kalamu yako nzuri ili nisilie? Mimi nitakuelewa, lakini nataka kujua.

Gatakaa


Kianjokoma,
1 Juni 2025

Dada Gatakaa,

Ni yake. Ningekuwa nimeyatunga ningeweka methali.

Kidato cha tatu hatuji nyumbani likizo fupi ya Juni, tunabaki kwa masomo. Kwa hiyo siwezi kukusukuma kwa mikono, nakusukuma kwa karatasi. Wanafunzi wa Julai wanaingia chuoni wiki ya kwanza ya mwezi. Mwombe Baba. Safari hii usiombe ukiwa umesimama mlangoni. Keti mbele yake, akuone uso.

Karimi


Ruiri,
19 Juni 2025

Karimi,

Niliketi mbele yake kama ulivyosema. Nilikuwa nimefikia neno "chuo" Mzee Njura alipoita kutoka chumbani. Alikuwa ameinama kuokota sabuni na hakuweza kuinuka. Wanawe walikuja kumbeba juu ya ubao wa mlango, kama machela. Daktari huko Meru amesema asinyanyue hata ndoo, si mwezi huu wala mwaka huu.

Sasa Baba haoshwi. Nimempa kitambaa chenye maji apanguse uso na kifua mwenyewe, mimi nikiwa nje. Zaidi ya hapo hakuna. Analala alivyo. Anakula kidogo ili asihitaji zaidi, usinifanye niandike wazi. Nzi wamejua. Shuka namvutia kwa upande, nimefumba macho, na yeye amefumba ya kwake, kama watu wawili wanaojificha katika chumba kimoja.

Mtu wa rika lake mwingine aliye karibu ni yule wa Kiirua, naye haoni. Nilimtaja Kithinji. Hakutupa bakora. Hilo ndilo limeniogopesha zaidi, Karimi, hakuwa na nguvu ya kuitupa. Aligeuza uso ukutani, akasema kwa sauti ndogo, "Ni mtoto wa watu. Alibatizwa mbele ya macho yangu." Mzee Njura alimtumia neno kupitia wanawe kwamba yeye kama mwenzake amemruhusu. Baba akasema rika haliruhusu kwa niaba.

Ulisema tenga limefungwa kutoka ndani. Ulikosea kidogo. Limefungwa kutoka kila upande.

Kuhusu Julai, achana nayo. Barua ya chuo nimeirudisha chini ya kitambaa. Siwezi kumwacha mtu anayenuka, na mtu huyo ni baba yangu. Usijibu mambo hayo. Niandikie habari za shule tu, nikisoma nisiruke kitu.

Gatakaa


Ruiri
tarehe 13 Julai

Karimi binti yangu,

Ni mimi baba yako Hezekiah. Nimeandika kwa mkono wangu kwa sababu hakuna mtu hapa wa kuniandikia. Darasa la saba ni zamani, utanisamehea herufi. Niliweka karatasi juu ya ubao wa kukatia sukuma wiki.

Dada yako aliondoka Jumatatu iliyopita. Abdishakur alikuwa anateremsha mzigo Embu, akaja na gari hadi mlangoni. Nilimwambia Gatakaa akae kiti cha mbele. Alisimama getini akataka kurudi, ati amesahau kunionyesha dawa za jioni. Nikamwambia dawa nazijua, ni mimi huzimeza. Akapanda. Kiti changu nimefanya kigeuzwe siku hizi, naona barabara kutoka hapa. Niliona gari mpaka likaisha.

Yeye atakuandikia ya chuo. Mimi nakuandikia ya hapa nyumbani.

Kabla hajaondoka niliwaza sana kuhusu lile gari. Niliita Kithinji. Nikamwambia hivi: mimi na wewe kuna nthoni, wewe ni rika la watoto, hiyo haitoki. Lakini nimewahi kushikwa na dereva, na mbingu haikuanguka. Kwa hivyo ukiingia mlango wa chumba, wewe ni dereva. Sikujui baba yako, sijui ulipashwa tohara na nani. Ukitoka nje unakuwa Kithinji, unanisalimu kama mtoto na ninakuitikia kama mzee. Umeelewa? Akasema, nimeelewa, mzee, gari ni hili kitanda? Nikamwambia asilete mchezo. Lakini hata mimi nilicheka.

Njura nilimpelekea habari. Akajibu kwamba kama ningefikiria hayo mwaka jana mgongo wake ungekuwa mzima.

Kithinji ana mikono baridi. Nimemwambia. Anafanya kazi vizuri, uji pia anapika, na alikuja na kikombe.

Jambo moja bado ni gumu. Akifunga mlango na kuweka beseni chini, ule ukimya siuwezi. Kwa hiyo mimi husema kwa sauti ile insha yako, ile niliyoisikia siku ile ndani ya gari. Ndovu ni mnyama mwenye mwendo wa kifalme, na kuendelea. Nikifika macho ya huruma tayari nimeoshwa mgongo.

Sasa imetosha. Kithinji ameishika yote na ananisahihisha. Tuandikie nyingine, na iwe ndefu, kwa sababu Jumamosi ananiosha na kichwa.

Mimi babako,
Hezekiah